Daftari kwanza, mikro baadaye

Vijana wenzangu, nianze na kosa langu mwenyewe, juu nikianza na makosa ya wachungaji mtasema huyu ana chuki.

Mwaka 2022 nilichaguliwa presida wa vijana katika kanisa letu hapa Bujumbura, moja ya yale makanisa ya wakimbizi ambako tunaimba kwa Kiswahili na mahubiri yanatafsiriwa kwa Kirundi. Nilikuwa na miaka 21. Hakuna aliyenifundisha kazi. Watu walipiga makofi, mchungaji akaniwekea mkono kichwani, Jumapili iliyofuata nikapewa mikro. Basi nikajua kukua katika huduma ni hivi: leo unaongoza sifa, mwakani unahubiri, kisha wanaanza kukuita "mtumishi", na siku moja unapewa kiti cha mbele. Daftari la pesa za vijana lilikuwa kwangu. Namba za watu wote zilikuwa katika simu yangu. Ufunguo wa chumba cha kinanda, kwangu. Niliona huo ndio uaminifu.

Na kuna jambo lingine ambalo hatupendi kulisema. Nilikuwa na kesi ya Marekani. Intavyu zilikuwa zimeisha. Mtu mwenye kesi anaishi na sanduku mkononi: kwa nini nifundishe mtu mwingine kazi, na mimi naondoka? Presida aliyekuwa mbele yangu alipanda ndege kwenda Kanada na hakutuachia hata orodha ya wanakwaya. Tuliombea safari yake, tukanywa soda, tukaanza upya toka sifuri. Wengi mnaosoma hapa mmeona hivyo hivyo kwenu.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump akasaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi Marekani. Safari zikafutwa. Mwezi haukuisha, Februari, Bukavu ikachukuliwa na M23, na watu maelfu kwa maelfu wakavuka Ruzizi kuingia Burundi. Wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Cibitoke, baadaye wakapelekwa Musenyi, kule Rutana. Wenye ndugu mjini wakakuja Bujumbura, na Jumapili wakakuja kanisani.

Tulikusanya nguo, unga wa muhogo, sabuni na pesa kidogo. Orodha ya kugawa niliandika mimi, usiku, peke yangu. Niliandika majina niliyoyajua. Wiki mbili hazikupita manung'uniko yakaanza: waliopata karibu wote ni watu wa Fizi na Uvira, watu wa zamani kanisani, na wale wa Bukavu wanaosema Mashi wanapata maombi tu. Niliudhika kabisa. Nilisema mbele ya mkutano kwamba wanaleta roho ya ubaguzi ndani ya nyumba ya Mungu. Dada mmoja wao, aliyefika na begi moja, akasimama akasema bila kelele: "Kaka presida, hatusemi umeiba. Tunasema hutujui."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilifungua Matendo ya Mitume, sura ya 6. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura ile, na karibu yote yanakimbilia Stefano na uso wake kama wa malaika. Lakini soma mwanzo wake. Shida ilikuwa chakula. Wajane wa wale wanaosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakusema hao wana roho mbaya. Waliwaambia wachague watu saba wenye kushuhudiwa vema. Sasa angalia majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Inaonekana kazi ilipewa upande ule ule uliokuwa unalalamika! Sisi tungeunda komite ya kutafuta nani alianzisha maneno.

Tena wale saba walianza na meza na mgawo. Ni baada ya hapo ndipo tunamsikia Stefano akihubiri, na Filipo akienda Samaria. Mimi naona sisi tumegeuza utaratibu. Tunampa kijana mikro juu ana sauti, na miaka inapita bila mtu kujua kama anaweza kushika faranga za wengine na kuzirudisha zote.

Najua kuna wenye kusema huduma ni wito, haijifunzwi kwa daftari. Wito naukubali. Lakini hata Musa, ambaye alikuwa mkimbizi Midiani kabla hajawa kiongozi wa mtu yeyote, ilibidi mkwe wake Yethro amwambie kwamba atachoka bure akihukumu watu peke yake toka asubuhi hadi jioni. Wachungaji wetu wengi walijifunza kazi wakiwa njiani, wanakimbia, siwalaumu. Ila wapo wanaoogopa kumpa kijana daftari juu wanaona anataka kiti chao. Kijana anachoka, anafungua chumba chake cha maombi mtaa wa pili, tunasema ameasi.

Na ninyi wandugu wa mashirika, mniruhusu. Mkihitaji "kiongozi wa vijana" mnapiga namba moja. Namba hiyo ilikuwa yangu. Juu najua Kifaransa kidogo na ninajibu haraka, nimekaa katika mafunzo ya amani, ya afya, ya ukatili wa kijinsia, kisha tena ya amani. Nina vyeti saba chini ya godoro. Yule dada hajaitwa hata mara moja. Siku nyingine ombeni watu wawili, mmoja awe hajawahi kuja, na mseme mapema kama pesa ya bisi ipo, juu na hii shida ya mafuta kuna watu wanatembea kwa miguu toka Buterere.

Sisi daftari tulimpa yeye, pamoja na kijana mmoja wa Fizi: mmoja anaandika, mmoja anashika pesa. Tukaamua pia orodha isomwe mbele ya watu wote kabla ya kugawa. Hapo tulikosea tena. Siku ya kwanza walibishana hadi saa mbili usiku, na mama mmoja aliona haya jina lake kusomwa hadharani kama maskini, akaacha kuja. Tumemtembelea mara mbili, bado hajarudi. Sasa orodha inasomwa mbele ya watu watano tu, toka kila upande.

Kesi yangu iko palepale. Muhula wangu umeisha, naimba sauti ya tatu nyuma ya kwaya. Jumapili iliyopita yule dada aliniita pembeni, daftari mkononi, akaniuliza faranga 5000 za betri za mikro zilienda wapi. Nilizinunua kweli, lakini risiti sina. Amenipa hadi Alhamisi.