Santuri Nimeinunua, Kufuli ni la Nani?

Ndugu yangu aliyeko Maskati alimletea mama zawadi ya santuri za filamu za DVD, na miongoni mwazo imo "The Message" ya Moustapha Akkad, ile ya mwaka 1976, kwa Kiarabu. Mama aliiona zamani, akatamani kuiona tena kabla macho hayajamwisha. Deki yetu imekufa siku nyingi, basi nikamwambia, "Mama, usitie shaka, laptopu yangu ipo." Laiti ningalijua!

Niliitia santuri, mashine ikanguruma, kisha ikaniandikia kwamba santuri hii si ya eneo lake. Nikaenda kwa fundi, naye akanifahamisha jambo ambalo naamini wasomaji wengi hawana habari nalo. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia mafungu 6. Marekani na Kanada ni la 1. Ulaya, Japani na nchi za Ghuba, Omani ikiwemo, ni la 2. Sisi Kenya, pamoja na India, tumetiwa la 5. Yaani bahari waliyoivuka babu zetu kwa kaskazi na kusi, leo imepigwa mstari katikati!

Laptopu yakubali kugeuzwa fungu, lakini mara 5 tu. La mara ya tano ndilo la milele. Na mama ni mpenzi wa filamu za Kihindi pia, zile za asli. Basi tukageuza kwa ajili ya Maskati, tukarudisha kwa ajili ya Bombay, tukageuza tena, hata nikajikuta nimebakiwa na mara moja.

Sababu waitoayo ni kwamba filamu haitoki siku moja katika sinema za dunia nzima, kwa hiyo santuri ya huko isiwahi kufika huku. Haya, filamu ya mwaka 1976 yangoja sinema gani?

Tena santuri za wizi ziuzwazo barabarani hazina fungu, zacheza popote. Basi kufuli hili lamzuia nani ila mnunuzi mwaminifu? Sitetei wizi. Aliyetengeneza filamu ana haki yake, na kumla jasho lake ni haramu. Lakini akishalipwa, mlango wa nyumba yangu wamhusu nini? Nawaambia wenye makampuni: ondoeni mafungu haya, na kama hamtaki, basi wauzaji wamweleze mnunuzi kabla hajatoa fedha.

Jambo hili lilikwisha fika mahakamani, ingawa kwa kufuli jingine la DVD. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, mwenye miaka 15, alishiriki kutoa programu ya kulifungua. Akashtakiwa. Mwaka 2003 mahakama za huko zikamwachilia, kwa kuwa mtu aliyenunua santuri yake kihalali ana haki ya kuitazama.

Mimi niliokolewa na mpwa wangu. Alinitilia programu iitwayo VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Ufaransa na hutolewa bure. Si kila mashine inayoitikia, lakini yangu iliitikia bila kuuliza santuri imetoka wapi. Tulianza baada ya Isha, na mama hakuinuka mpaka filamu ikesha. Ile mara ya tano ningali nayo. Siigusi.