Mbuzi wa miguu sita

Najua nimepotea, si mnajua tena mambo ya tesi, halafu boom nalo likachelewa. Leo nina la kuungama.

Muhula huu kila Ijumaa asubuhi nashuka kwenye chekechea moja huku Ng'ong'ona, nyuma ya chuo, kumsaidia mwalimu kipindi cha kuchora. Watoto arobaini na kitu, mwalimu mmoja. Nachonga penseli, nagawa karatasi (asaimenti zetu za zamani, wanachorea upande wa nyuma), nafuta makamasi, naamua ugomvi wa kalamu nyekundu. Rangi zikiisha tunakoroga udongo na maji. Udongo wa Dodoma mnaujua, ukishika haubanduki.

Sasa kulikuwa na kikao cha wazazi, picha zitundikwe. Dogo mmoja kachora mbuzi wa miguu sita. Nikaona wazazi watacheka. Nikachukua kalamu, nikamrekebishia: miguu minne, pembe, na kandevu juu. Mbuzi safi! Dogo akamtazama, akanisogezea karatasi: "Huyo wako."

Na kweli aliyetundikwa ni wangu. Mama yake akamsifia mtoto mbele za watu, mtoto kimya. Ijumaa mbili zilizofuata hakuchora kitu, ananiambia tu, "Ticha, nichoree." Nilipomuuliza ile miguu miwili ilikuwa ya nini, akanishangaa: ya mtoto wake, si alikuwa ananyonya?

Jamani, niliona aibu.

Sisi tunaokwenda kujitolea tunabeba picha zetu kichwani. Tunachora ubaoni nyumba ya paa la pembetatu, jua pembeni, mti, watoto wananakili, tunapiga vema, tunapiga na picha za kumbukumbu. Hapa Ugogoni penyewe nyumba ya asili ni tembe, paa lake bapa, la udongo! Mtoto akichora ya bibi yake tutamwambia kasahau paa.

Rumeti wangu anabisha, anasema kunakili kunazoesha mkono kuandika. Kwenye herufi sawa, a ni a. Ila mbuzi nani kasema lazima awe wangu? Nendeni Kolo, Kondoa, si mbali, barabara ya kwenda Babati. Mle mapangoni kuna watu wembamba warefu kama mafito, na twiga, wamechorwa kwa rangi nyekundu ya mawe ya kusaga. UNESCO iliiweka michoro ile kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mimi na kalamu yangu ningewarekebisha wote.

Ijumaa iliyopita dogo kachora tena. Duara, halafu kitu kama ngazi, kapaka tope mpaka karatasi imetoboka. Sikuuliza. Nilikaa tu na mikono mfukoni, na mnavyonijua ilikuwa kazi kweli kweli.

Haya, nina kipindi saa nane, na jua lenyewe la huku ndo hilo.