GANZI SI UVIVU



Yako maneno ambayo wengi wetu hapa Kapseret tumeyasikia alfajiri kutoka kwa nyapara: "Mikono yako imelala, wewe mvivu!" Leo twataka kuyajibu kwa akili, wala si kwa hasira.

Kapseret iko juu, mita 2,100 hivi toka usawa wa bahari. Usiku wa Julai baridi hushuka hata nyuzi 10 au chini yake, na umande huloweka nguo. Saa kumi na moja za alfajiri mkamaji yuko zizini, mlinzi wa usiku hajatoka langoni, na mpakiaji wa mizigo yu kazini katika uwanja wa ndege.

Mwili wa binadamu hutaka kukaa katika nyuzi 37. Baridi ikizidi, mwili hubana mishipa ya damu ya vidole ili joto libaki kifuani, penye moyo na mapafu. Mishipa ya fahamu, ipelekayo habari baina ya ubongo na mkono, huchelewa. Misuli nayo hukaza na kulegea polepole. Ngozi ya vidole ikipoa chini ya nyuzi 15 hivi, mkono huwa mzito. Ikikaribia nyuzi 8, hata kugusa hausikii. Hapo ndipo panga huteleza na msumeno hukata kidole, na mwenyewe akaona damu kabla ya kusikia maumivu.

Je, huo ni uvivu? La! Hakuna awezaye kuiamuru mishipa yake ipate joto.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema wazi: kazi ikimweka mtu katika majimaji, mwajiri lazima atoe mavazi ya kumkinga, pamoja na glavu na viatu panapohitajika. Basi gambuti si zawadi ya Krismasi, ni haki. Naye aliyepewa azivae, asiende kuziuza sokoni.

Nasi tujihadhari. Chang'aa haileti joto: hufungua mishipa ya damu ya ngozi, ukadhani umepata moto, kumbe joto lako laondoka. Vidole vyenye ganzi usivitie motoni, maana vitaungua bila wewe kusikia, viweke kwapani. Na mwenzako aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka, na maneno yake yakavurugika, usidhani amepona wala amelewa. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpeleke hospitali upesi.

Twaomba kila kikundi cha kazi kimchague mtu mmoja aandike majina ya wote wasio na glavu, viatu wala koti, na mahali wafanyapo kazi. Orodha zikitufikia, tutakwenda kwa waajiri na ushahidi mkononi. Mmoja akisema anasikia baridi, huchekwa. Mia wakisema, husikilizwa.