Bwana Msa Angeuliza Nini Mbagala?



Jioni moja mwaka jana, nikiwa katika daladala iliyokwama Mbagala Rangi Tatu, nilisikia ukelele: "Mwizi!" Kufumba na kufumbua, kijana mmoja alikuwa amezingirwa, na mawe yamo mikononi mwa watu ambao muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wakinunua nyanya. Aliyemwokoa ni mama ntilie mmoja. Alisimama mbele yake akauliza: "Nani amemwona akiiba?" Hakujibu mtu. Simu iliyodaiwa kuibwa ilikutwa baadaye ndani ya mkoba wa mwenye simu.

Nimelikumbuka swali hilo wiki hii, baada ya mwalimu mwenzangu kuwacheka wanafunzi wanaosoma riwaya mpya za upelelezi kutoka Uingereza. Zile ambazo mpelelezi si askari, bali ni bibi kizee au mstaafu mwenye macho makini. Mojawapo ni The Thursday Murder Club ya Richard Osman, iliyotoka mwaka 2020, ambamo wastaafu wanne wanachunguza mauaji. Mwenzangu aliviita vitabu vya kupotezea muda. Sikubaliani naye.

Kwanza, jambo hili si geni kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Bwana Msa hana cheo wala sare. Ana kiko chake, subira na maswali. Maiti inakutwa mzimuni, na wapo walio tayari kuamini kuwa mizimu ndiyo iliyoua. Yeye anakataa jibu jepesi. Anataka kujua nani alikuwa wapi, na nani ananufaika na kifo hicho.

Pili, riwaya hizi humfunza msomaji kujitilia shaka mwenyewe. Tunamshuku mtu tangu kurasa za mwanzo, tunamchukia, kisha mwishoni tunabaini kuwa hakuwa na hatia. Ni aibu ndogo, tena isiyomdhuru mtu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Wangapi kati yetu tunaikumbuka ibara hiyo pale ukelele unapopigwa?

Najua nitakavyojibiwa: kituo cha polisi kiko mbali, kesi huchelewa, na mtuhumiwa hurejea mtaani kabla machozi ya mlalamikaji hayajakauka. Malalamiko hayo ni ya haki, na serikali haina budi kuyajibu. Lakini jiwe halijengi kituo wala haliharakishi kesi. Linaua tu, na aliyekufa haachiwi huru kwa rufaa.

Sisemi kwamba riwaya itazuia mawe. Mama ntilie yule huenda hajawahi kusoma hata moja. Nasema kuwa jamii hujifunza kuuliza kwa kuzoezwa, na sisi tumeuacha uwanja huo wa mazoezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetufikia katika Kufa na Kupona mwaka 1974, alituburudisha sana. Lakini yeye ni jasusi wa serikali. Raia wa kawaida anayetafuta ukweli mtaani kwake, tangu Bwana Msa, tumempa nafasi ndogo mno.

Walimu na maofisa elimu, mrudisheni Bwana Msa katika maktaba za shule. Vijana waandishi, someni za Waingereza, kisha mtuandikie ya Chamazi na Tegeta. Mpelelezi mnaye: ni dereva wa bodaboda anayejua nani alishuka wapi, mjumbe anayezijua nyumba zote, mama ntilie anayewasikia wateja wake wote.

Na siku ukelele utakapopigwa mtaani kwako, ndugu msomaji, usisubiri mtu mwingine aulize nani ameona.