KIJANA MGONJWA SI MHALIFU

Wanachama wenzetu, mikutanoni twajadili bei ya pamba na maji ya kisima, lakini habari za vijana wetu wanaougua akili twazikwepa. Huko mashambani kijana asiyekula, asiyelala wala kusema na mtu, husemwa amerogwa. Mjini husemwa ana kiburi cha shule, basi fimbo! Shirika la Afya Duniani lasema katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi haya.

Lakini lituudhilo zaidi ni sheria. Kanuni ya Adhabu tuliandikiwa na Mwingereza mwaka 1930, na kifungu cha 217 chasema ajaribuye kujiua ametenda kosa. Mwingereza huyo huyo alilifuta kosa hilo nyumbani kwake mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru. Kwake akafuta, kwetu akaliacha! Sasa mama ambaye binti yake wa miaka 15 amenusurika, ampeleke hospitali au amfiche polisi wasijue? Atamficha, na aliyefichwa hatibiwi.

Ndugu zetu wa Kenya walirithi sheria kama hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kuwa yapingana na Katiba. Sisi twangoja nini?

Twawataka wabunge wetu wakipeleke kifungu hicho Bungeni kifutwe. Na kila tawi, la shamba na la mjini, limwite tabibu wa zahanati aseme na wazazi.