Ndege ya Mabawa ya Ghorofa Mezani Kwako

  Huku Mwimbi mahindi yako ghalani, na upepo wa kiangazi umeanza kuvuma katika nyanda za Ufipa.

Mwezi huu najibu swali la mama mmoja aliyenifuata baada ya kliniki ya watoto. Kijana wake wa kidato cha pili ameletewa na mjomba wake ramani ya kutengenezea ndege. Siyo ndege ya kukunja kwa karatasi. Ni ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine kama ghorofa, yenye injini, ya kuongozwa kwa rimoti. Mabawa yake yanazidi mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Tangu siku hiyo meza ya chakula imejaa vijiti, gundi na nyembe. Baba anasema huo ni upuuzi, na ameapa kuvitia vijiti vyote jikoni. Mama ananiuliza: "Dada nesi, nimkataze au nimwache?"

Jibu langu ni hili: usimkataze, lakini pia usimwache peke yake. Hebu tuangalie kwa nini.

NI NDEGE YA NAMNA GANI?

Watu wanaotengeneza ndege ndogo kwa mikono yao wapo katika nchi nyingi, na wengi wao ni watu wazima wenye familia. Baadhi yao hupenda zile kubwa. Huko Marekani, kwa kawaida ndege ya mabawa ya ghorofa huhesabiwa katika kundi la kubwa ikiwa upana wake umefika sentimita 152. Yenye bawa moja sharti ifike sentimita 203.

Nyingi huigwa kutoka ndege za zamani. Mathalani Tiger Moth ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931 na kufundishia marubani wengi, ilikuwa na upana wa karibu mita 9. Ukiitengeneza kwa kipimo cha robo, unapata ndege ya mita 2 na sentimita 23, yaani ndefu kuliko mlango wako. Uzito wake huweza kufika kilo 7 au zaidi. Mama, hebu fikiria mtoto wa miezi sita au saba unavyombeba mgongoni. Ndio uzito huo, ukiwa angani na pangaboi inazunguka mbele. Kwa hiyo tusiite kitu cha kuchezea tu.

Tusiseme pia kwamba ni jambo geni kabisa kwetu. Mwaka 1920 marubani wawili wa Afrika Kusini, van Ryneveld na Brand, walisafiri kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa ndege za mabawa ya ghorofa. Walipita Abercorn, ambayo leo ni Mbala, hapo tu ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Njiani ndege mbili ziliwaharibikia, wakafika kwa ya tatu.

MAMA, RAMANI UNAIJUA

Akina mama wengi husema, "Mambo ya ramani siyaelewi." Lakini kama umewahi kushona gauni, unayaelewa. Fundi cherehani hukata karatasi ya vipimo kwanza, huiweka juu ya kitambaa, ndipo hukata. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Ramani nzuri huchorwa kwa ukubwa uleule wa ndege itakavyokuwa. Hutandikwa juu ya ubao ulionyooka, ikafunikwa kwa nailoni inayoonyesha ili gundi isiishike. Kisha vijiti hupangwa juu ya mistari, vikashikizwa kwa pini, na kutiwa gundi hadi vikauke.

Bawa lina boriti ndefu inayopita katikati, na mbavu nyingi zinazokatwa kwa kufuata mbavu moja ya mfano. Kiwiliwili kina pande mbili. Upande wa pili hujengwa juu ya ule wa kwanza ili zifanane. Kati ya bawa la chini na la juu husimama nguzo, na nyaya hukaza pande zote. Wenzetu hutumia mti mwepesi sana uitwao balsa. Huku kwetu kijana anaweza kujifunzia kwa mianzi iliyopasuliwa, mabaki ya paina kwa seremala, plaiwudi nyembamba, na lile boksi jeupe jepesi linalokinga televisheni mpya isivunjike.

Mwisho mifupa yote huvikwa nguo. Mabawa ya zile ndege za kale yalivikwa kitambaa cha kitani kilichokazwa kwa dawa, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanawake wengi wa Uingereza walifanya kazi viwandani wakishona vitambaa hivyo. Siku hizi hutumiwa kitambaa maalumu kinachojikaza kikipigwa pasi. Pasi ikiwa ya moto mno upande mmoja, bawa linapinda. Nani nyumbani ajuaye joto la pasi kuliko mama?

Watoto wa kike nao wakaribishwe mezani. Aliyeanzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929 alikuwa mwanamke mjane, Florence Kerr Wilson, na ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, ya mabawa ya ghorofa. Uwanja wa Wilson wa Nairobi una jina lake hadi leo.

ASIANZE NA KUBWA

Hapa ndipo wengi hukosea. Ndege kubwa siyo ndege ya kwanza. Mtoto hutambaa, husimama dede, ndipo hutembea.

Hatua ya kwanza, atengeneze ndogo isiyo na injini, ya kurusha kwa mkono. Hapo atajifunza mizani. Aishike kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, aone inalala wapi. Ikiinama mbele kidogo, itaruka, ingawa kwa uvivu. Ikiinamia mkiani, itapanda ghafla, isimame angani, ianguke. Mkia mzito umevunja ndege nyingi siku ileile ya kwanza.

Hatua ya pili, aende Sumbawanga kwenye duka la fotokopi apunguze ramani hadi nusu. Hapo kuna hesabu nzuri. Vipimo vyote vikiwa nusu, eneo la bawa huwa robo, na ujazo wa mbao huwa sehemu moja ya nane. Mwambie akueleze sababu. Akiweza kukueleza wewe na ukaelewa, mtihani wa hesabu hautamtisha.

Hatua ya tatu ndiyo ile kubwa, tena aanze na mkia, maana ni bapa na rahisi. Wala asinunuliwe injini mapema. Kijana ambaye hajamaliza mbavu hana haja ya injini. Kazi ya mbao huchukua miezi mingi, na gharama yake ni ndogo. Zinazokula fedha ni injini, rimoti na betri. Hivyo familia ina muda wa kupima kama kijana anapenda kweli au amevutiwa tu kwa wiki mbili.

Jambo jingine la huku kwetu: Sumbawanga iko kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapo ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko Dar es Salaam. Injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Kila gramu ya gundi ya ziada huonekana. Upepo nao wa kiangazi ni mkali. Wakati mzuri ni asubuhi mapema.

HATARI ZILIZOPO

Sasa nazungumza kama nesi. Katika kazi yangu nimefunga vidole vilivyokatwa na mashine za kusaga na feni za magari, na pangaboi ya ndege hii haina huruma zaidi. Injini zake nyingi ni ndugu wa injini za chensoo. Basi shikeni haya:

1. Injini isiwashwe kamwe kijana akiwa peke yake. Ndege ifungwe au ishikwe na mtu mzima kutoka nyuma. Watazamaji wasimame nyuma, si mbele wala ubavuni mwa pangaboi. Kitenge, lemba linaloning'inia na mikono mirefu ya shati visikaribie.

2. Mtu akikatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, inua mkono juu, nendeni kituo cha afya. Msitie mafuta ya taa, majivu wala dawa ya meno. Kidole kikikatika kabisa, kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu au kwenye maji baridi. Kisiguse barafu chenyewe. Mwulizeni mganga juu ya sindano ya pepopunda.

3. Supagluu ikigandisha vidole, msivivute. Viloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, vitaachana polepole. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi, msilazimishe kope kufunguka, nendeni hospitali.

4. Petroli isikae jikoni wala chumba cha kulala, na isiwekwe katika chupa ya soda, maana mtoto mdogo ataidhania kinywaji. Kijana asivute petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikimezwa, msimtapishe, ikiingia mapafuni inadhuru vibaya. Mpelekeni hospitali mara moja.

5. Betri za lithiamu zisichajiwe usiku watu wamelala, wala chini ya kitanda. Betri iliyovimba itolewe nje, iwekwe kwenye ndoo ya mchanga, isitumike tena.

6. Ndege isirushwe juu ya watu, nyumba, barabara, shule au mifugo, wala karibu na uwanja wa ndege.

Kuna pia sheria. Vyombo virukavyo bila rubani ndani yake viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Kabla ya kununua injini na rimoti, baba au mjomba aulize huko kibali gani kinatakiwa. Mtendaji wa kijiji na polisi nao wajulishwe. Sisi tuko karibu na mpaka, na kitu kinachonguruma angani bila taarifa kinaweza kumtia kijana mashakani bila sababu.

MANENO KWA BABA

Wasiwasi wa baba una haki: shule na fedha. Basi wekeni taratibu pamoja. Kazi za shule kwanza, kazi za nyumbani pili, ndege tatu. Meza ya chakula irudishwe kwa chakula. Kijana atafutiwe ubao wake na pembe yake. Kila kitu kinachonunuliwa kiandikwe kwenye daftari.

Lakini baba asichome vijiti. Huko Kalambo, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia, wataalamu walichimbua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale, yenye umri wa miaka kama 476,000. Walitangaza habari hiyo mwaka 2023. Kuunganisha mti na mti kwa kipimo ni kazi ya zamani sana katika eneo hili.

Ina kazi ya kesho pia. Mwaka 2018 kampuni ya DHL, pamoja na Wingcopter na GIZ za Ujerumani, walijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani ndani yake. Ilikwenda kilomita 60 juu ya Ziwa Viktoria kwa wastani wa dakika 40, na iliweza kubeba hadi kilo 4. Mimi niliyewahi kuona mgonjwa akisubiri dawa wakati wa masika, barabara imekatika, sicheki nikimwona kijana akipima mbavu za bawa. Aidha, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha matengenezo ya ndege. Wanaokwenda huko huanza mahali fulani.

Labda ndege hiyo haitaruka kamwe. Wengi huishia kwenye mifupa tu. Hata hivyo kijana aliyekata mbavu ishirini zinazofanana, akatupa mbili zilizokosewa na kuzikata upya bila kugombezwa, amejifunza kitu ambacho fimbo haifundishi. Na mama aliyeketi naye jioni, akishika upande mmoja wa kijiti wakati gundi inakauka, atasikia mengi ambayo vijana wa umri huo hawayasemi wakiulizwa.

Wiki hii, mama, anza na mambo matatu. Mwombe akuonyeshe ramani na akueleze mstari kwa mstari. Tafuteni chombo cha kuwekea nyembe na gundi, mahali ambapo wadogo zake hawafiki. Kisha zungumza na baba watoto wakiwa wamelala, kwa upole, ukiwa na daftari la gharama mkononi.