Foto zetu zisifie ndani ya telefone

Ndani ya nyumba nyingi za wafanyakazi wa zamani, iwe Kamalondo, iwe Likasi ao Kolwezi, kuko foto moja kwenye ukuta: muzee na kofia yake ya kazi, mama na kitenge, watoto wamesimama mbele. Karatasi imegeuka manjano, lakini muzee tunamutambua. Sasa tujiulize: foto za ndoa ya mwaka uliopita ziko wapi? Ziko ndani ya telefone. Telefone ikiibiwa sokoni, ndoa yote imekwenda nayo.

Ndiyo sababu leo tunapenda kusema juu ya watu ambao hatuwasikii sana huku kwetu. Ndani ya inchi nyingi kuko watu wanaorudilia namna za zamani za kutoa foto kwa mikono, na karatasi, dawa, maji na jua. Wanatumiana kazi zao, wanafundishana, hawafichane siri. Sisi tunasema Katanga iingie ndani ya jamaa ile. Na tusiingie kwa kuombaomba, maana foto ilizaliwa na madini.

Mwaka wa 1839, Daguerre alionyesha Paris foto zake za kwanza. Zilikuwa juu ya kipande cha shaba kilichopakwa feza, na ilikuwa mvuke wa zebaki uliotokeza sura ya mutu. Mwaka wa 1873, Mwingereza William Willis akaleta foto za platini. Vita ya 1914 ilipopandisha bei ya platini, karatasi zile zikakosekana, watu wakageukia madini ya paladi. Sisi tunaelewa vizuri: bei inapanda ao inashuka kule mbali, na kazi inafungwa hapa.

Lakini kuko namna moja isiyoomba feza wala platini. Inaomba chumvi za chuma tu. John Herschel aliivumbua mwaka wa 1842, inaitwa sianotipi, na foto yake ni ya bleu. Wazee waliofanya kazi ndani ya biro za wachora-plan wanaijua bila kujua jina lake: zile plan za bleu za mashini na za migodi, dunia nzima, zilikuwa zinatolewa vile vile.

Kazi yenyewe si nguvu. Gramu 25 za sitrati ya chuma na amonia ndani ya mililita 100 za maji. Gramu 10 za ferisianidi ya potasi ndani ya mililita 100 zingine. Unachanganya sawasawa, unapaka kwenye karatasi, unaiacha ikauke gizani. Foto ya telefone unaitolesha kwa printeri kwenye plastiki inayopitisha mwangaza, pahali peupe pawe peusi. Unaiweka juu ya karatasi, kioo juu yake, unapeleka kwenye jua dakika kumi ao zaidi, kisha unasukula na maji. Bleu inatokea mbele ya macho yako. Usitie sabuni, itakula rangi. Na wewe unayefanya kazi na asidi, sikia vizuri: ile dawa ya pili isikutane na asidi kali wala moto, maana inaweza kutoa hewa yenye kuua.

Je, inadumu? Mwaka wa 1843, mama mumoja Mwingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha majani ya bahari kwa namna ile. Leo kurasa zake zingali za bleu.

Wengine watatuambia: mishahara inachelewa, na nyinyi munaleta mambo ya foto? Tunajibu: mufanyakazi anayesahauliwa, hata haki zake zinasahauliwa. Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa Union Minière, akazichanganya na foto zake za mashini zilizokufa. Kazi ile anaiita Mémoire, na watu wa inchi mingi wameitazama. Baba zetu wakaonekana tena. Lakini Baloji peke yake hataweza kufanya ya nyumba zote. Ya nyumba yako, nani atafanya?

Daguerre hakubaki na siri yake. Serikali ya Ufaransa iliinunua kwa pension, franka 6000 kila mwaka, kisha ikatangaza namna ya kazi mbele ya watu wote, ingawa Uingereza yeye aliweka patenti. Muvumbuzi alipata pension, na dunia ikapata foto. Ni funzo kwetu: kazi inakua wakati inafundishwa, na anayeifanya analipwa.

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, watu wa inchi nyingi wanatoa foto za bleu siku moja. Hapa Katanga, Jumamosi ni siku ya posho. Na Septemba jua letu ni kali, mvua haijaanza. Basi shule moja, parokia moja, sendika moja waanze. Walimu wa kemia wako. Wapiga-foto wa kartie wako. Mama alete foto ya muzee, mutoto alete telefone.

Madini yetu yalikwisha kwenda mbali bila jina letu. Foto zetu ziende na majina ya baba zetu.